Timu Iliyozimwa kwa Kikao Kimoja

Ukitoka Lunga Lunga kuelekea Vanga, kabla hujaufikia ufuo, unapita Jego. Ni nchi ya minazi na mpunga, na ya mto Umba, ambao mvua zikizidi huko milima ya Usambara huvimba ukaingia mashambani na hata majumbani mwa watu. Katika viwanja vya shule za upande huu msichana hucheza netiboli. Mpira wa kikapu hauonekani sana, kwa kuwa unadai sakafu ngumu na ubao, na vitu hivyo viwili havioti vyenyewe kama mwarobaini.

Hata hivyo, kaunti yetu hii hii ya Kwale ndiyo iliyoitoa Kaya Tiwi, shule ya upili ambayo wasichana wake wamewahi kuutwaa ubingwa wa kitaifa wa mpira wa kikapu, wakazifunga shule zenye majina makubwa na viwanja vilivyoezekwa. Kwa hiyo sitaki kupoteza wino nikibishana na yeyote anayedhani kwamba binti wa Pwani hana kimo, au pumzi, au ari. Hilo limekwisha kuamuliwa uwanjani. Swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi ni jingine: msichana huyo akimaliza shule ya upili, mpira wake unakwenda wapi?

Wachache huchukuliwa na klabu. Timu ya wanawake ya Halmashauri ya Bandari, KPA, ya pale Mombasa, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa timu zinazotawala ligi ya nchi. Lakini klabu moja ina nafasi kumi na mbili au kumi na tano, na wasichana wanaomaliza shule kila mwaka ni maelfu. Mahali penye nafasi nyingi ni chuo kikuu. Basi historia ya mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vikuu si hadithi ya burudani tu. Ni hadithi ya nani aliruhusiwa kuendelea na nani alirudishwa nyumbani.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwezi Desemba 1891. Hata miaka miwili haikupita kabla wanawake hawajaushika. Mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo, Senda Berenson, aliyezaliwa Lithuania na kuhamia Marekani akiwa mtoto, aliupeleka katika chuo cha wanawake cha Smith, kilichokuwa jirani, na mwezi Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakapambana na wale wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Mwaka 1896 wasichana wa vyuo vikuu vya Stanford na California walikutana mjini San Francisco katika mechi ya kwanza baina ya vyuo. Stanford walishinda kwa mabao 2 kwa 1, na hapo pia wanaume walifungiwa nje.

Berenson aliipenda michezo, lakini aliishi katika zama zilizoamini kwamba moyo wa mwanamke ungepasuka kwa kukimbia. Kwa hiyo aliubadilisha mchezo. Uwanja akaugawa sehemu tatu, kila mchezaji akafungiwa katika sehemu yake; kudunda mpira kukawekewa mpaka; kumpokonya mwenzako mpira mikononi kukakatazwa. Mwalimu yeyote wa michezo anayesoma maneno haya ameanza kutabasamu, kwa maana amekwisha kuutambua mchezo huo. Naam, ni netiboli. Katika miaka hiyo ya 1890 mpira wa kikapu wa wanawake ulivuka bahari hadi Uingereza, katika chuo cha mazoezi ya viungo cha Martina Bergman-Österberg, ukabadilishwa tena, kanuni zake zikachapishwa mwaka 1901, kisha ukasafiri na ukoloni hadi Uganda, Tanganyika, Unguja na Kenya. Wamarekani baadaye walizivunja kuta zile za uwanja. Sisi tulizirithi.

Kwa hiyo binti wa Jego anaporusha mpira wa netiboli, anacheza mchezo ambao bibi yake ni mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Tena tazama vipimo. Pete ya netiboli inasimama mita 3.05 kutoka ardhini, na pete ya mpira wa kikapu iko kimo hicho hicho; tofauti ni kwamba ile ya netiboli ni nyembamba zaidi, na haina ubao wa kumsaidia mrushaji. Mtu aliyezoea kulenga tundu dogo lisilo na ubao hapaswi kuambiwa kwamba mpira wa kikapu ni mgeni kwake.

Sasa nawaomba wasomaji tuvuke hadi Cleveland, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, katikati ya mashamba ya pamba. Sichagui mji huu kwa sababu ya utajiri wake. Nauchagua kwa sababu ulikuwa mahali pa pembeni, pa wakulima, mbali na miji inayoandikwa magazetini. Pale palikuwa na chuo cha ualimu cha Delta State, na kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya wanawake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alijiunga nacho binti aitwaye Margaret Wade. Alicheza misimu mitatu, akawa nahodha. Kisha, mnamo 1932, wakuu wa chuo wakaamua kwamba mchezo huo ni mzito mno kwa mabinti. Timu ikafutwa.

Timu haikufutwa kwa kushindwa, wala kwa kukosa wachezaji. Ilifutwa na watu waliokaa kikao ambao wao wenyewe hawakuucheza mchezo ule. Wade na wenzake walilia, wakazichoma jezi zao. Halafu wakaenda zao, kwa sababu wanafunzi hawana njia ya kushindana na uamuzi wa namna hiyo.

Wade alicheza kidogo katika timu ya Tupelo Red Wings, kisha akawa mwalimu. Kwa takriban miaka ishirini alifundisha timu ya wasichana ya shule ya upili ya Cleveland, mji ule ule, akishinda mechi zaidi ya 400. Baadaye alirejea Delta State kuongoza idara ya mazoezi ya viungo ya wanawake. Angalia jambo hili kwa makini, ewe mwalimu: chuo kilikuwa na mkufunzi hodari ndani ya kuta zake, na shule za jirani zilikuwa zikitoa wachezaji kila mwaka. Kila kitu kilikuwapo ila timu. Na timu haikuwapo kwa miaka arobaini na moja.

Kilichoirudisha ni sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya elimu ambayo kifungu chake cha tisa kilikataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Maneno yake kwa Kiingereza ni 37 tu, na neno michezo halimo. Lakini wanawake wa vyuo walilisoma kwa sauti kubwa, na wakuu wa vyuo wakaelewa kwamba fedha zao zimo hatarini. Delta State waliifufua timu mwaka 1973 na kumwita Wade, wakati huo akiwa na umri wa miaka sitini, awe mkufunzi.

Wakati huo huo katika kijiji cha Minter City, jimbo hilo hilo, kulikuwa na msichana mweusi aitwaye Lusia Harris, wa familia ya wakulima yenye watoto kumi na mmoja. Alikuwa na kimo cha mita 1.90. Alikuwa amekusudia kwenda Chuo Kikuu cha Alcorn State, ambacho hakikuwa na timu ya wanawake. Kama mambo yangekwenda hivyo, mpira wake ungeishia shuleni, na leo jina lake lingejulikana na jamaa zake tu. Ila mtu wa Delta State alimfuata akamwambia kwamba kuna timu mpya inaundwa.

Yaliyofuata yamo katika vitabu vya rekodi. Katika msimu wa 1974 hadi 1975 Delta State walicheza mechi 28 na kushinda zote 28, wakachukua ubingwa wa taifa. Wakauchukua tena 1976, na tena 1977. Walishinda mechi 51 mfululizo. Harris, aliyekuwa mweusi pekee katika kikosi, alimaliza masomo akiwa amefunga pointi 2,981, wastani wa pointi karibu 26 kwa kila mechi. Mwaka 1976, mpira wa kikapu wa wanawake ulipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, pale Montreal, yeye ndiye aliyefunga kikapu cha kwanza kabisa, dhidi ya Japani. Mwaka 1977 klabu ya wanaume ya New Orleans Jazz ilimteua katika uchaguzi wake wa wachezaji. Alikuwa mjamzito, na akakataa kwenda. Alifariki mwaka 2022, na miezi michache baadaye filamu fupi juu ya maisha yake ikapata tuzo ya Oscar.

Kati ya kufutwa kwa timu na ubingwa wa kwanza palipita zaidi ya miaka arobaini. Kati ya kufufuliwa kwake na ubingwa huo palipita misimu miwili. Mimi sijui hoja nyingine inayoonyesha wazi zaidi kuliko hiyo kwamba vipaji havikuwa vimekosekana. Na ni mabinti wangapi wenye mikono kama ya Harris walipita pale Delta State kati ya 1932 na 1973, wakasomea ualimu, wakaondoka bila mtu kujua? Hao hawamo katika kitabu chochote.

Wapo watakaosema kwamba Marekani ni tajiri, na kwamba sisi tungoje kwanza tupate majumba ya michezo. Nao ningewatajia Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki karibu na Philadelphia. Ukumbi wake wa michezo uliteketea kwa moto mwaka 1967. Mkufunzi wake, Cathy Rush, alianza kwa mshahara wa dola 450 kwa msimu mzima. Timu ilipofuzu kwa mashindano ya taifa ya 1972 fedha za nauli zilitosha wachezaji wanane tu, na hata hizo zilipatikana kwa kuchangishana na kuuza miswaki. Wale wanane walirudi na ubingwa, na chuo kikauhifadhi 1973 na 1974, watawa wakishangilia jukwaani kwa kupiga ndoo. Hawakuwa na uwanja. Walikuwa na chuo kilichokubali kwamba timu hiyo ni yake.

Nisije nikaonekana ninaiimba sheria ile kama wimbo wa harusi. Ilikuwa na machungu yake. Kabla ya 1972 timu nyingi mno za wanawake vyuoni, tisa katika kila kumi, zilifundishwa na wanawake. Fedha na mishahara ilipoanza kuingia, wanaume nao wakaanza kuzitaka kazi hizo, na sehemu ya wakufunzi wanawake ikashuka hadi chini ya nusu. Mlango uliofunguliwa kwa mchezaji ukawa mwembamba kwa mwalimu wake. Lakini ukilinganisha wasichana wasiofika 300,000 waliocheza michezo ya shule za upili nchini humo katika mwaka wa masomo wa 1971 hadi 1972, na zaidi ya milioni tatu wa miaka hii, huwezi kusema kwamba maneno yale 37 yalikuwa ya bure.

Turudi kwetu. Kenya nayo si mgeni wa kuombwa radhi katika mchezo huu. Mwaka 1994 timu yetu ya taifa ya wanawake ilicheza katika mashindano ya ubingwa wa dunia nchini Australia, yale ambayo Brazil waliibuka washindi. Kenya ilishika nafasi ya kumi na sita kati ya timu kumi na sita. Wapo waliocheka. Mimi nahesabu nchi ambazo hazikufika huko kabisa, nami sicheki. Leo vyuo vikuu kama Strathmore, USIU na Zetech vina timu za wanawake zenye jina, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda wasichana wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Lady Canons, wamewahi kuwa mabingwa wa ligi ya nchi nzima, wakizishinda klabu za watu wazima.

Utaona kwamba vyuo hivyo vitatu vya kwetu nilivyovitaja vyote viko Nairobi na viungani mwake. Mtoto wa Jego anayepata nafasi ya chuo hapa Pwani, iwe Mombasa au Kilifi, ana haki ya kukuta mlango kama huo bila kuvuka nusu ya nchi. Sheria tunayo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema waziwazi kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa, pamoja na nafasi sawa katika nyanja za siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Maneno hayo ni mazito kuliko yale ya Nixon. Kinachotofautiana ni kwamba kule watu waliyachukua maneno wakaenda nayo hadi ofisi ya mhasibu, wakauliza: timu ya wanaume imepewa basi, ya wanawake imepewa nini? Kwetu Katiba huimbwa katika sherehe, na bajeti ya michezo hupitishwa kimya kimya.

Kuna kikwazo kingine ambacho waandishi wa bara mara nyingi hawakitaji, na ambacho sisi wa Kwale hatuwezi kukipita. Wengi wa mabinti zetu ni Waislamu, na wazazi wao wanataka watoto wajisitiri. Kwa miaka mingi shirikisho la dunia la mchezo huu, FIBA, lilikataza kilemba chochote kichwani. Bilqis Abdul-Qaadir, Mmarekani aliyekuwa amevunja rekodi ya ufungaji ya shule za jimbo la Massachusetts kwa pointi zaidi ya 3,000, aliingia Chuo Kikuu cha Memphis na kuwa wa kwanza kucheza akiwa na hijabu katika daraja la juu la michezo ya vyuo vya nchi hiyo. Baadaye alihamia Indiana State. Chuo kilimruhusu. Lakini alipomaliza mwaka 2014 na kutaka kucheza kwa malipo ng'ambo, kanuni ya FIBA ilimzuia, naye hakukubali kuivua hijabu yake. Alipiga kelele, na wengine wakapiga pamoja naye, hadi mwaka 2017 FIBA ikaibadilisha kanuni.

Tangu Oktoba 2017 hijabu inaruhusiwa, mradi iwe ya rangi moja kwa wachezaji wote wa timu wanaoivaa, isifunike uso, na isiwe na pini wala kitu kinachoweza kumdhuru mwingine. Mikono na miguu nayo yaweza kufunikwa kwa vazi la kubana la rangi inayokubaliwa. Naliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu mwalimu akimwambia mtoto wa Jego, au wa Msambweni, kwamba achague kati ya kilemba chake na timu, anatumia kanuni iliyokwisha kufa. Na mzazi aliyemkataza binti yake kwa hofu hiyo anastahili kuelezwa kwa upole, uso kwa uso, na ikiwezekana na mwalimu wa kike ambaye atasafiri na timu.

Hapo ndipo penye uzito wa kweli. Mzazi wa huku hachukii mpira. Anachoogopa ni safari ya usiku, malazi asiyoyajua na mtu mzima asiyemjua. Chuo kikuu chenye timu ya wasichana lakini kisicho na mlezi wa kike wa timu hiyo kimefungua mlango na kuuwekea jiwe.

Mtaala mpya umeleta mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za ngazi ya juu. Ni habari njema, ila mkondo ni lazima uwe na mahali unapomwagikia. Mwanafunzi atakayeshughulika na michezo kwa miaka mitatu, kisha akute chuo kisicho na timu wala mkufunzi, atakuwa katika hali ile ile ya Margaret Wade mwaka 1932, isipokuwa yeye hatakuwa hata na jezi ya kuchoma.

Nawaomba basi walimu wa michezo na walimu washauri wa shule zetu, kuanzia Vanga hadi Tiwi, jambo dogo. Siku za kuchagua vyuo zinapofika, tunamuuliza mwanafunzi alama zake, karo yake, na mkopo wa HELB. Tumwongezee maswali mengine, na tuyaandike kwa barua rasmi kwa mkuu wa wanafunzi wa chuo: je, mna timu ya mpira wa kikapu ya wanawake? Nani anaifundisha, na nani anasafiri nayo? Msimu uliopita ilicheza mechi ngapi, na timu ya wanaume ilicheza ngapi? Barua ijibiwe kwa maandishi, na jibu libandikwe ubaoni penye orodha ya kozi, ili msichana alisome kabla hajajaza fomu.